Kijana wangu ana miaka 23 na anataka kuoa: nimwombee Green Card sasa au nisubiri uraia?

Swali: Mimi ni Mkenya wa Mombasa, naishi Columbus, Ohio, na mume wangu ambaye ni raia wa Marekani. Tulioana mwaka 2018. Nina Green Card na karibu natimiza miaka mitatu nayo. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 23, yuko Kisauni. Baba yake alishafariki. Ana mchumba, na wazazi wa msichana wanataka nikaha ipite kabla ya Ramadhani. Watu hapa wananiambia nisubiri uraia, maana raia humleta mtoto wake ndani ya mwaka mmoja. Wengine wanasema akioa ndiyo basi tena. Mdogo wake wa kike ana miaka 19, bado anasoma. Nifanyeje?

Jibu: Dada yangu, niruhusu nianze na binti, ingawa umemtaja mwishoni na kwa sentensi moja tu. Yeye ndiye mwenye haraka kuliko wote, na suala lake linaweza kumalizwa mapema kuliko unavyodhani.

Mlipooana mwaka 2018 binti huyu alikuwa na miaka 12 hivi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamtambua mtoto wa kambo kuwa mtoto wa mume wako kwa sharti moja kubwa: ndoa yenu iwe ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Sharti hilo mmelitimiza. Kwa hiyo mume wako, akiwa raia, anaweza leo hii kujaza fomu I-130, ya kumwombea ndugu uhamiaji, kwa ajili yake, bila kusubiri uraia wako. Mtoto wa raia ambaye hajafika miaka 21 na hajaolewa yuko katika kundi la ndugu wa karibu kabisa, kundi lisilo na kikomo cha viza kwa mwaka. Hana foleni. Kinachosubiriwa ni kazi ya ofisi tu: idara ya uhamiaji, USCIS, ipitishe ombi, karatasi zikaguliwe, ubalozi wa Nairobi umwite kwenye usaili.

Tena kuna ulinzi wa umri. Sheria ya mwaka 2002 ya kulinda watoto wasipitwe na umri inasema kwamba umri wa mtoto wa raia unahesabiwa siku USCIS inapopokea ombi, na hapo unasimama. Ombi likipokelewa akiwa na miaka 19, ataendelea kuhesabiwa wa miaka 19 hata akiitwa ubalozini akiwa na 22, mradi hajaolewa. Lakini likipokelewa siku moja tu baada ya kutimiza 21, anaangukia kwenye foleni ileile ya kaka yake, ya miaka mingi. Msingoje mwaka uishe. Jazeni wiki hii.

Sasa kijana. Hao wanaokuambia raia humleta mtoto wake haraka hawakudanganyi. Wanazungumza juu ya watoto wa umri wa binti yako. Kijana wa miaka 23 ameshatoka kwenye kundi hilo, na uraia wako, hata ukiapishwa kesho, hautamrudisha. Utakachofanya uraia ni kumhamisha kutoka foleni moja kwenda nyingine.

Foleni zenyewe ni tatu. Mtoto mkubwa ambaye hajaoa wala kuolewa, wa mzazi mwenye Green Card, yuko F2B, yenye viza 26,266 kwa mwaka. Mtoto mkubwa asiye na ndoa wa mzazi aliye raia yuko F1, viza 23,400. Mtoto wa raia aliyeoa au kuolewa, awe na umri wowote, yuko F3, nayo ina 23,400. Hizo ni viza za dunia nzima, na ndani yake wamo pia watoto wa hao wanaoombewa, na kwa F3 wamo wake na waume zao. Ndiyo maana mambo yanakwenda taratibu. Na utaona hakuna foleni ya mtoto aliyeoa wa mzazi mwenye Green Card. Haipo kabisa. Ukilishika hilo utaelewa yote nitakayosema kuhusu nikaha.

Nafasi katika foleni hupimwa kwa tarehe ambayo USCIS ilipokea ombi. Kila mwezi Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa jedwali liitwalo Visa Bulletin, na wewe unatazama kama tarehe yako imefikiwa. Kwa mtu aliyezaliwa Kenya, soma safu ya nchi zote zisizotajwa kwa jina. Zenye safu zao ni China, India, Mexico na Ufilipino. Katika majedwali ya mwaka 2025, waliokuwa wakifikiwa F1 na F2B ni watu walioombewa takriban mwaka 2015 na 2016. Wa F3 walikuwa wa mwaka 2010 na 2011. Tarehe hizi haziendi mwezi kwa mwezi. Zinaweza kukaa palepale miezi kadhaa, zikaruka, au zikarudi nyuma, hasa Agosti na Septemba viza za mwaka wa serikali zinapokaribia kwisha, kabla ya hesabu mpya kuanza tarehe 1 Oktoba. Lakini picha ya jumla unaiona: karibu miaka tisa kwa asiyeoa, na kama kumi na minne kwa aliyeoa.

Najua inauma kusoma hivyo. Ni afadhali uijue leo kuliko kuigundua baada ya kusherehekea barua ya kwanza. Nimeona familia zikichinja mbuzi siku USCIS inapotuma barua kwamba I-130 imekubaliwa. Barua ile inasema tu kwamba undugu umethibitishwa. Viza bado, mpaka tarehe ifikiwe.

Basi nani amwombee? Hapa ndipo wengi waliokushauri wamepapita. Wote wanakuzungumzia wewe na uraia wako, wakati ndani ya nyumba mna raia tayari. Kijana wako alikuwa na miaka 16 mlipooana. Ni mtoto wa kambo wa mume wako kisheria kama dada yake, na mume wako anaweza kumwombea sasa hivi. Asipooa, yuko F1. Akioa, ombi lile lile linahamia F3 na tarehe yake inabaki ileile, halifi. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya ombi la mume wako na lako.

Ombi lako wewe, ukilipeleka leo ukiwa na Green Card, lingekuwa F2B. Kijana akifunga nikaha kabla hujaapishwa kuwa raia, ombi hilo linakufa papo hapo kwa nguvu ya sheria. Halisubiri barua ya mtu. Ukiapishwa mwezi unaofuata halifufuki. Hata akiachana na mke halifufuki. Itabidi uanze upya na tarehe mpya, nyuma ya watu wote walioingia kati. Hao wanaosema akioa ndiyo basi tena, hili ndilo walilolisikia, na kwa mzazi mwenye Green Card ni kweli tupu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mume wako apeleke I-130 mbili, moja ya binti na moja ya kijana. Kila mtu na ombi lake. Ada, tangu Aprili 2024, ni dola 625 kwa kila ombi mkijaza mtandaoni, au 675 kwa karatasi. Wewe nawe peleka ombi la uraia. Ukiwa umeolewa na raia na mnaishi pamoja, unahitaji miaka mitatu ya Green Card badala ya mitano, na unaruhusiwa kupeleka fomu N-400 siku 90 kabla ya kuitimiza, kwa hiyo huenda dirisha lako limeshafunguka.

Je, wewe pia umwombee kijana? Inategemea nikaha. Kama itafungwa kabla ya Ramadhani hii na haisogezwi, usitupe pesa zako kwenye F2B. Lako litasubiri hadi uwe raia, ndipo upeleke F3. Lakini kama wakwe wanaweza kukubali kungoja mpaka uapishwe, peleka lako sasa pia. Siku utakapoapishwa litageuka F1 lenye tarehe ya leo, na nikaha ikifungwa baada ya hapo litakuwa F3, tarehe ileile. Faida ya kuwa na maombi mawili ni kinga. Mume wako akifariki kabla kijana hajapata viza, ombi lake linafutika, na kulihuisha kwa misingi ya ubinadamu kunategemea huruma ya ofisi. Mkiachana, undugu wa kambo hauishi moja kwa moja, lakini kijana atatakiwa kuonyesha kwamba yeye na baba wa kambo bado wanatambuana kama ndugu. Damu yako wewe haina maswali hayo. Kwa kuwaomba wakwe miezi kadhaa, mnaweza kupata kinga hiyo, na naona ni ombi ambalo wazee wawili wanaweza kulizungumza vizuri wakiwa wamekaa.

Ila kumwambia asioe miaka tisa ili abaki F1, sikushauri. Kuna wanaopiga hesabu hivi: aje peke yake baada ya miaka tisa, kisha amwombee mke kama mwenye Green Card, foleni ya F2A, miaka mingine ya kutengana. Akija kwa F3, mke na watoto walio chini ya miaka 21 wanakuja naye kwa ombi lilelile. Ukijumlisha, tofauti inapungua sana, na katikati pana ujana wa watu wawili. Aoe akiwa tayari kuoa. Viza ifuate maisha yake.

Kitu kimoja tu nakusihi kwa nguvu zangu zote: akioa, isifichwe. Nalisema hili kwa urefu kwa sababu Pwani kuna fikra kwamba nikaha ya msikitini isiyo na cheti cha serikali si ndoa mbele ya Mzungu. Si kweli. Marekani inaitazama ndoa kwa sheria ya mahali ilipofungwa, na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya Kiislamu sawa na ya kiserikali, ya Kikristo, ya Kihindu na ya kimila. Walii yupo, mashahidi wapo, akdi imesomwa: huyo ameoa. Posa peke yake si ndoa. Kwa familia zinazooana kimila mambo yanahitaji uangalifu zaidi, kwani sheria hiyohiyo inasema mahari kidogo tu ya alama yatosha kuthibitisha ndoa pale mila inapodai mahari.

Fikiria kijana amesimama kwenye dirisha la ubalozi, Gigiri. Afisa ana fomu DS-260, ya maombi ya viza ya uhamiaji, mbele yake, ambayo kijana ameijaza kwa mkono wake: hali ya ndoa, sijaoa. Fomu hiyohiyo imemtaka aandike majina ya akaunti zake za mitandao ya kijamii za miaka mitano iliyopita. Binamu ameshaweka video ya harusi, bwana harusi na kanzu na joho, na jina lake limetajwa pale. Au hapana video, ila mtoto ana cheti cha kuzaliwa chenye majina ya baba na mama na picha zao wako pamoja. Kusema uongo juu ya jambo zito ili upate viza ni kosa linalofunga njia ya kuingia Marekani maisha, na msamaha wake ni mgumu kuupata. Kijana aliyekuwa na haki ya F3 anaipoteza kwa sababu alidai F1. Na wako wanaopita dirishani salama, wakaja, wakaishi, kisha siku wanapoomba uraia au kumwombea mke tarehe ya ndoa inajitokeza, na Green Card yenyewe inaingia hatarini.

Sambamba na hilo: viza ya F1 ikishagongwa, asifunge nikaha kwa haraka ili aage kwao akiwa na mke. Viza ile ni ya asiyeoa mpaka muhuri wa kuingia Marekani ugongwe. Akioa usiku wa kuamkia safari, haimfai tena.

Karatasi. Kwa kila mtoto mnahitaji cheti cha kuzaliwa chenye jina lako, cheti chenu cha ndoa, uthibitisho wa uraia wa mume, na uthibitisho kwamba ndoa za awali, zake na zako, ziliisha: talaka, au kwa upande wako kama mlioana na marehemu, cheti cha kifo. Angalia majina kwa makini. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa Pwani mara nyingi kina jina la mama na la baba yake mama, wakati pasipoti yako leo ina jina la mume. Hilo si tatizo mkiambatisha cheti cha ndoa kinachoeleza badiliko. Tatizo ni herufi: Halima huku, Khalima kule, na mwaka wa kuzaliwa unaopishana na kitambulisho. Rekebisheni sasa, foleni ikiwa bado ndefu. Kama cheti kiliandikishwa akiwa mkubwa, afisa atataka na ushahidi wa zamani: kadi ya kliniki, rekodi za shule ya msingi, chochote kilichoandikwa utotoni kikimtaja mama. Wakikwama wanaweza kupendekeza kipimo cha DNA, cha maabara inayokubalika kwao na kinacholipiwa na nyinyi. Cheti cha mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi ya Kenya, kitahitajika karibu na usaili. Cha kijana msikichukue leo, kitapitwa na wakati.

Pesa nazo. Aliyeomba ndiye mdhamini, na atasaini fomu I-864, mkataba kamili na serikali kwamba mgeni hatakuwa mzigo. Kipato cha nyumba lazima kifike asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Kwa viwango vya 2025, nyumba ya watu watatu, wewe, mume na binti, ilihitaji takriban dola 33,300 kwa mwaka. Kipato chako unaruhusiwa kukiongeza kwenye cha mume. Kisipotosha, mtu mwingine raia au mwenye Green Card anaweza kudhamini pamoja, lakini amweleze mkewe au mumewe kwanza anachokisaini: wajibu ule unaendelea mpaka mgeni apate uraia, au ahesabiwe robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, au aondoke Marekani moja kwa moja, au afariki. Talaka haiuvunji.

Katika miaka ya kungoja, kijana atatamani kuja kutembea. Anaweza kuomba viza ya matembezi, lakini fomu itamuuliza kama kuna aliyemwombea uhamiaji, na jibu ni ndiyo. Wengi hunyimwa kwa sababu hiyo. Akibahatika kuipata, asipitishe muda. Zaidi ya siku 180 bila ruhusa, akiondoka anafungiwa miaka mitatu. Mwaka mzima au zaidi, kumi. Na hawezi kukaa hapa kimya akingoja tarehe ifike ili abadilishiwe hadhi ndani ya nchi. Mtoto mkubwa hana msamaha ule walio nao mke, mume na mtoto mdogo wa raia.

Kwa wasomaji wa nchi jirani: kabla ya kulipa chochote, tazameni kama nchi yenu iko chini ya amri ya rais inayozuia viza. Amri ya Juni 2025 iliigusa Somalia na Burundi, na ilipotoka iliwaacha nje wake, waume, wazazi na watoto wadogo wa raia, lakini watoto wakubwa haikuwaacha. Orodha imebadilika tangu hapo. Hata hivyo ombi la I-130 lenyewe hupokelewa na tarehe huanza kuhesabiwa, kwa hiyo zuio la leo si sababu ya kuchelewa kuingia foleni ya miaka tisa.

Usimpe fomu zako mtu wa mtaani kwa sababu tu anajua Kiswahili na anajaza za kila mtu. Marekani anayeruhusiwa kukushauri kisheria juu ya uhamiaji ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na baadhi ya mashirika ya hisani yana wawakilishi hao kwa bei nafuu. Mweleze tarehe zote: ndoa, kuzaliwa kwa watoto, Green Card. Muulize pia juu ya haki ya kijana kubaki F2B hata baada ya wewe kuapishwa, endapo siku hiyo F2B itakuwa inakwenda kasi kuliko F1. Hutokea, na huombwa kwa maandishi.

Mwisho ni anwani. Miaka tisa au kumi na minne watu huhama, hubadilisha simu, husahau barua pepe. Tarehe ikikaribia, kituo cha taifa cha viza kilichoko Portsmouth, New Hampshire, kitatuma taarifa, na baada ya kujulishwa kwamba viza ipo mna mwaka mmoja wa kujibu. Mkikaa kimya faili linaweza kufungwa na tarehe yote ikapotea. Wewe mwenye Green Card una wajibu wa kuijulisha USCIS anwani mpya ndani ya siku 10 kila unapohama, na mume wako awasasishie anwani kwenye kila ombi alilopeleka. Nakala za risiti za I-130 mpe kijana huko Kisauni azihifadhi na vyeti vyake, na namba za maombi aziandike mahali anapoweza kuzipata bila wewe.